Kaptula Yangu na Lango la Trấn Quốc

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pemba aliniandikia. Anakwenda Hanoi, Vietnam, kwa mafunzo ya miezi mitatu, ameona picha ya hekalu la Trấn Quốc, mnara mwekundu uliozungukwa na maji, akauliza: "Kaka, pale mtu anaingia tu?" Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza. Hajui kidonda gani amekitonesha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtoto wa Malindi, Mji Mkongwe. Sisi tumekua tukiwasema watalii. Mtu mzima, mapaja nje, anakatiza mbele ya msikiti Ijumaa watu wanatoka kusali! Mwaka fulani nilimsimamisha mmoja pale Darajani nikampa somo refu juu ya heshima, mpaka uso ukamwiva. Nilijiona nimelihudumia taifa.

Basi nikaenda Vietnam kwa shughuli za korosho. Korosho ghafi zetu nyingi huishia huko kubanguliwa, na mimi nilikuwa nasaka mnunuzi. Vikao nitaviruka, havina ladha, na mnunuzi mwenyewe mpaka leo hajanipigia. Siku ya mwisho tukaamua kutembea. Joto la Juni la Hanoi lina unyevu unaokukumbusha Zanzibar kabla ya mvua, kwa hiyo nikavaa kaptula. Wenzangu wawili walivaa suruali.

Trấn Quốc ni hekalu la Kibuddha, liko kwenye kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Magharibi, Hồ Tây kwa lugha yao. Unalifikia kwa barabara ya Thanh Niên, tuta lililokatiza maji: mkono mmoja Ziwa Magharibi, mkono mwingine ziwa dogo la Trúc Bạch, katikati pikipiki kama siafu. Langoni mlinzi, mzee mkimya, akanitazama magoti. Hakusema neno. Akanyoosha kidole gotini kwangu, kisha kwenye kibao chenye picha ya kaptula iliyopigwa mstari. Nyuma yangu bibi kizee mwenye sinia la matunda na maua alikuwa anasubiri nimpishe. Nikampisha. Wenzangu wakaingia, na mmoja wao alishatoa simu kunirekodi.

Ile video iko kwenye kundi letu la WhatsApp hadi leo. Kila Idi lazima mtu aifufue.

Nikakaa ukingoni mwa Trúc Bạch nikila bánh tôm, kamba waliokaangwa kwenye donge la unga, hasira imenijaa, na kila nikitafuna nasikia sauti yangu mwenyewe pale Darajani.

Asubuhi yake, saa chache kabla ya ndege, nikarudi peke yangu. Kwenye begi nilikuwa na kikoi ninacholalia. Nikakifunga juu ya kaptula ile ile.

Na hapo ndipo nilipoliona hekalu. Historia yake inaanza karne ya 6, enzi za mfalme wao Lý Nam Đế, na wenyeji wanalihesabu kongwe kuliko yote Hanoi. Lakini halikujengwa hapo. Lilikuwa kando ya Mto Mwekundu, mto ukawa unamega ukingo, na mwaka 1615 likahamishiwa kisiwani. Mnara ule kwenye picha watu hudhani ni wa kale, kumbe ulijengwa 1998: ghorofa 11, urefu mita 15, na kila ghorofa ina vidirisha sita, ndani ya kila kidirisha sanamu nyeupe ya Buddha. Kuuzunguka kuna minara midogo mikongwe ya watawa waliokufa, na mimi hiyo ndiyo iliyonishika zaidi.

Kuna na mti. Rais wa India, Rajendra Prasad, aliuleta mwaka 1959, chipukizi la mti wa Bodh Gaya, huko kwao India, mahali Buddha alipopata mwangaza. Ni jamaa wa mkuyu wetu, ila jani lake lina umbo la kopa kwenye karata, na ncha ndefu kama mkia. Nilisimama chini yake muda mrefu. Najua mtaniuliza, ulichoma udi? Sikuchoma, na hakuna aliyenitaka nichome. Nilikaa kando, mdomo nimeufunga, wenye ibada wakaendelea na ibada yao.

Sasa wewe kijana wa Pemba, nisikilize. Funika magoti, funika mabega. Weka kikoi begini, na kama unasafiri na mke, kanga mbili. Nenda asubuhi mapema, jua halijawa kali. Mimi sikulipa kiingilio. Ukitaka kuwaona wenyeji wamejaa, nenda tarehe mosi au 15 ya mwezi wao, maana nao wanaufuata mwezi wa angani kama sisi. Ukitaka utulivu, zikimbie siku hizo. Usimpige picha mtu aliyefumba macho anaomba. Na magoti, narudia, yafunike! Tunawadai wageni heshima kwenye vichochoro vyetu, halafu tukipanda ndege tunaiacha uwanjani pamoja na chupa za maji. Mnaosafiri, nanyi mnaotamani kusafiri, jipimeni kwa kipimo mnachowapimia wengine. Nimesema sana, najua.

Yule mzee wa langoni alikuwepo asubuhi ile. Alinitambua. Akakitazama kikoi kutoka kiunoni hadi chini, akashika matamvua yake kwa vidole viwili kama fundi anayepima kitambaa, akacheka jino moja moja likionekana, kisha akanifungulia njia kwa mkono. Hilo halina video. Yule mwenye simu alikuwa hotelini, amelala.