Kwa Rehema, kuhusu baba Baraka

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako imefika, marahaba mama. Sisi huku Muheza hatujambo, ila goti la mama yenu linamsumbua tangu mvua zianze. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza wote wawili, maana mama yenu siku hizi simu yangu ni yake. Unauliza baba Baraka ana haki gani ya kumwona mtoto, ilhali hamkufunga ndoa, mahari hajatoa hata shilingi, na matumizi anatuma akijisikia. Unataka jibu fupi, umzuie au umwachie.

Sheria ina jibu, nami nililizoea enzi nikiwa mzee wa baraza mahakamani. Sheria ya Mtoto ya 2009 haiulizi nani alivaa pete. Jina la mwanamume likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, au akiwa amemkiri mtoto mbele za watu, au mila zimefanyika, au vipimo vya vinasaba vya Mkemia Mkuu vimesema, huo ni ushahidi kwamba ndiye baba. Na baba anaweza kwenda mahakama ya watoto akaomba apangiwe siku za kumwona mwanawe. Hakimu atatazama maslahi ya mtoto, yenu ninyi wawili yatafuata nyuma. Kukunyang'anya Baraka ni habari nyingine kabisa. Ana miaka mitatu, na sheria inaanza kwa kudhani kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Dhana hiyo inapingika, lakini mwenye kuipinga ana kazi. Kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi.

Matunzo mdai, tena bila kuona haya. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii hapo halmashauri, mkishindwana nenda mahakamani. Sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa ilimpangia baba kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi, na iliendelea kukaa vitabuni mpaka hii ya 2009 ilipoifuta. Shilingi 100! Siku hizi hata nauli ya daladala haitoshi.

Ila nimewaona wengi wakisimama pale mbele. Mwanamke anasema alete hela kwanza ndipo amwone. Mwanamume anasema nimwone kwanza ndipo nitoe. Mtoto hawekwi rehani. Nililisema hilo barazani mpaka mheshimiwa hakimu akawa ananitania kabla sijafungua mdomo. Matunzo ni ya mtoto, na kumjua baba yake ni kwa mtoto pia, hakuna kimoja kinachonunua kingine.

Mama yenu anasema hapa ndipo nitakapoanza habari za Soni, kule milimani Lushoto. Anajua.

Ilikuwa 1984, kaka yenu Elia, wa mama mwingine, ana miezi michache, nami ni karani wa reli Tanga. Mahari ya mama yake Elia, babu yenu alikuwa ametoa nusu, nusu ya pili imekwama, na mnajua alivyokuwa babu yenu kwenye mambo ya fedha. Bidhaa hazikuwepo. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imewakamata walanguzi, watu wakatupa mali porini wasikutwe nayo. Mimi kwa kuhangaika nikapata mche wa sabuni, doti ya khanga na kopo la maziwa, nikapanda basi mpaka Mombo, halafu ule mlima.

Mjomba wake Elia alinipokea vizuri tu. Akaniweka kwenye kiti uani, akapokea mzigo, akaifungua khanga, akaikunja tena. Kisha akachukua panga, akaukata ule mche vipande mbele ya macho yangu, akawaita wanawake wa pale nyumbani kila mmoja achukue chake. Wakanishukuru, shemeji asante, shemeji Mungu akubariki. Nikaomba nimwone mtoto. Akasema mtoto amelala.

Mtoto aliyelala akacheka ndani. Kicheko kabisa cha mtoto anayetekenywa, na mtu anamwambia nyamaza. Nikamtazama mjomba, mjomba akatazama njia. Akasema, "Ukimaliza mahari utamkuta ameamka."

Siku zile alikuwa na pa kusimamia. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema katika wilaya nyingi kwamba mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama mpaka baba amhalalishe. Hakuna aliyeniambia niende wapi. Nikashuka mlima mikono mitupu. Ninyi mnamjua Elia alipokuja kwetu darasa la sita na sanduku lake la bati, mkamzoea siku hiyo hiyo, mkagombana naye kesho yake. Bati za nyumba hii amenunua yeye. Lakini sikiliza siku akipiga simu. Ninyi mnaniita baba. Elia ananiita mzee.

Sasa usiseme baba anakusema wewe. Wewe si mjomba wa Soni, na yule kijana, nikisema kweli, si mimi. Mimi nilipanda na sabuni, yeye kutuma pesa kwa simu akiwa amekaa kitini anashindwa. Na ningekuwa kaka yako nimekaa pale uani, pengine panga ningeshika mimi. Kuna siku nalifikiria hilo mpaka nakaribia kumwelewa mjomba. Halafu nakumbuka kile kicheko, simwelewi tena.

Jambo moja halina majadiliano. Kama amewahi kukuinulia mkono, au humwamini akiwa na mtoto, achana na barua hii, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kisha unipigie hata usiku. Lakini katika ujumbe wako sikusikia hilo. Nilisikia hasira, na hasira unayo haki nayo.

Kwa hiyo sikwambii umruhusu. Wewe ndiye unayeamka usiku Baraka akiwa na homa, mimi niko Muheza na maneno yangu. Mama yenu anasema nisikuamulie, na nimemwahidi. Nasema tu kwamba akimwona Jumamosi kwa muda wa saa mbili au tatu, wewe ukiwepo au dada yako akiwepo, mbele ya afisa ustawi ikibidi, makubaliano yakiandikwa na kusainiwa pamoja na ya matunzo, hayo si kumwachia mtoto. Na mtoto hawekwi rehani. Basi, nimenyamaza.

Gunia la machungwa nimempa kondakta, litafika Mbezi Ijumaa, ulipokee mwenyewe maana la mwezi uliopita lilifika nusu. Na Krismasi mkija, uniambie mapema mtakuwa wangapi. Kitanda cha chumba cha uani kimevunjika mguu, na fundi wa hapa ukimpa kazi leo anaanza mwezi ujao. Sijasema mtu aje. Nauliza tu idadi.

Baba yako