Maua ya pembeni yamechapwa, hayajachorwa kwa mkono
Kaka umeuliza yale maua yanayozunguka kurasa kwenye Chaucer ya Kelmscott Press, yaani kitabu cha kazi za Chaucer, mshairi wa kale wa Uingereza, kilichochapwa na kiwanda cha William Morris, kama yalichorwa kwa mkono kopi moja moja, hapana bwana, yamechapwa. Morris mwenyewe alibuni fremu za maua, rafiki yake mchoraji Burne-Jones akachora picha 87, halafu mafundi wakachonga kwenye mbao ngumu, ukitaka kuelewa kaangalie milango ya zamani ya kuchongwa hapa Bagamoyo, ungeipaka wino, kilichobaki juu ndo kingeushika na kilichochimbwa kingebaki cheupe, ila ubao wa kuchapia unachongwa kinyume kama unavyoona kwenye kioo. Mwaka 1896 zilitoka kopi 425 za karatasi na 13 za ngozi tu. Mi naona maua yamezidi, maandishi yamebanwa, ila ule weusi wa wino, acha kabisa!