Ufizi wako una milimita ngapi? Maswali ya wasomaji

Dokta, nilienda kusafisha meno, wakanipaka dawa ya kahawia kwenye fizi, wakapima kwa kijiti cha chuma, wakanisukutulisha maji. Mbona sikupewa chupa nijipakie nyumbani? (Mama wa Katuba)

Mama, ile haikuwa dawa ya kutibu. Ni iodini, na ilipakwa ili uonekane mpaka kati ya ufizi mgumu na ngozi laini, tupime upana wa ufizi huo kwa kijiti. Ngozi laini inayotoka ufizini kwenda shavuni ina akiba ya glikojeni, ndugu wa wanga. Ukidondoshea iodini kipande cha muhogo, kinageuka cheusi. Mdomoni glikojeni inageuka kahawia. Ufizi wenyewe, ule ulioshikana na mfupa, umefunikwa na keratini, jamii moja na ile ya kucha. Glikojeni yake ni kidogo, kwa hiyo unabaki na rangi yake ya kawaida. Kahawia inapoanza, ufizi mgumu umeishia hapo. Manesi huwapaka wamama iodini hiyohiyo kwenye mlango wa kizazi kwa hesabu inayofanana.

Wengine hawatumii rangi kabisa. Wanalaza kijiti kile ubavuni, wanasukuma ngozi laini kuelekea jino: inajikunja kama kitambaa, ikifika kwenye ufizi mgumu inagoma. Mimi hufanya yote mawili, na nasubiri kwanza uvimbe uishe, kwa sababu ufizi unaouma nao hukusanya glikojeni ukashika rangi, kipimo kikadanganya. Kama una mzio wa iodini, sema kabla hujafungua mdomo.

Kwenye jino langu la chini nina milimita moja na nusu za ufizi mgumu. Nimeambiwa nipandikiziwe ufizi. Ni lazima? (Ndugu wa Kampemba)

Uliza kwanza: kunavuja damu? Ufizi unazidi kushuka? Kupiga mswaki hapo kunauma?

Huenda walifuata kizingiti cha milimita 2, kilichotokana na watafiti Lang na Löe. Mwaka 1972 walipima wanafunzi wa udaktari wa meno wakaona kwamba chini ya hapo fizi zilibaki na uvimbe hata meno yakiwa safi. Wengine waliokuja baadaye walionyesha kwamba mtu anayesafisha vizuri anaweza kuishi salama na chini ya hapo. Tena fizi hazilingani: mbele juu mara nyingi ni 3.5 hadi 4.5, lakini kwenye magego madogo ya kwanza hushuka chini ya 2 hata kwa watu wenye afya kabisa. Kama hakuna dalili, mimi ningepima tena mwaka ujao. Ningefikiria upya kama unataka kuwekewa implanti (jino bandia linalopandwa mfupani) au waya wa kunyoosha meno. Namba peke yake hainifanyi nishike kisu.

Fizi zangu ni nyeusi. Ni keratini imezidi? (Papa wa Kamalondo)

Hapana, Papa. Hiyo ni melanini, rangi ya ngozi yako, na ni kawaida. Doa jipya linalokua peke yake, hilo ulete tulione.

Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nataka kupima keratini yenyewe, siyo upana. Nifanyeje bila kukata mgonjwa? (Mwanafunzi, Lubumbashi)

Hapo umegusa kosa la wengi: wanapima upana kwa milimita halafu wanaandika kwamba wamepima keratini. Kijiti hakijui keratini iko ngapi ndani ya seli.

Njia ya bila kisu ni kukwangua juu ya ufizi taratibu, kupaka kwenye kioo cha darubini, na kutumia rangi ya Papanicolaou, ile ya maabara ya kutofautisha seli. Seli zilizokomaa kwa keratini hutoka za machungwa, zile ambazo hazijafika huwa za waridi au za buluu-kijani. Unahesabu seli mia kadhaa, unatoa asilimia ya zile za machungwa. Kwangua sehemu ileile kwa nguvu ileile kwa kila mtu, na anayehesabu asijue kioo ni cha nani. Udhaifu wake ni kwamba unaona tabaka la juu tu. Kujua unene wa tabaka kunahitaji biopsi, yaani kukata kipande kidogo; na maabara yenye antibodi, protini zinazonasa aina moja tu ya keratini, itatofautisha keratini za aina ya 1 na 10 za ufizi mgumu na za aina ya 4 na 13 za ngozi laini. Omba vipande vinavyotupwa wakati wa upasuaji wa kawaida, pamoja na ridhaa ya mgonjwa. Na upana usiusahau: toa kina cha mfuko kati ya jino na ufizi. Milimita 4 zenye mfuko wa 2 zimebakiza 2 tu zilizoshikana. Kwenye kaakaa usipoteze muda: kule kote ni kugumu, mpaka hauonekani.

Bibi anasugua fizi kwa makala (makaa) ya mbabula ziwe ngumu. Inasaidia? (Dada wa Ruashi)

Kusugua kwa mswaki laini kweli huongeza keratini kidogo. Makala yanakwaruza, na nimeona meno yaliyobaki na shingo nje kwa ajili yake. Kama Bibi anaweka pia tumbako mdomoni na pameota ukoko mweupe, nao ni keratini, ila ya kujikinga na ukali wa tumbako. Ukipita wiki mbili bila kuondoka, mlete.