Maswali ya Wasomaji: Tabianchi darasani, kwa wadogo na kwa wakubwa

Safari hii maswali mengi yametoka kwa walimu na wazazi wanaofundisha sayansi ya tabianchi, na nimefurahi sana maana hili somo linahitaji watu wanaojiuliza kabla ya kusimama mbele ya watoto. Twende.

SWALI: Nafundisha watoto wa miaka 7 na 8. Mwenzangu aliwaonyesha video ya barafu kuyeyuka na wanyama kufa, wengine wakalia mpaka wazazi wakaja kulalamika. Je hii mada niiache mpaka wakue?

Usiiache mwalimu, we badilisha tu pa kuanzia. Mtoto wa miaka 7 ukimpa habari ya barafu ya huko mbali hana cha kufanya nayo, anachobaki nacho ni hofu tupu. Ila mtoto huyohuyo mpe kipimajoto uone! Kiwekeni kivulini, mahali palepale na saa ileile kila siku, na hapo usilegeze kabisa maana wakisoma leo asubuhi kesho mchana hakuna wanacholinganisha. Waandike kwenye chati ukutani. Siku nyingine chukua vipimajoto viwili, kimoja kifunike kwa kitambaa cheusi kingine cheupe, viweke juani, halafu kabla hawajasoma kila mtoto aseme anadhani kipi kitapanda zaidi. Hilo la kukisia kwanza naliheshimu sana, mtoto akishatoa lake mbele ya wenzake hatoki pale mpaka ajue imekuwaje.

Chati ikishajaa wataona wenyewe kwamba siku zinapishana, leo joto kesho baridi, lakini msimu una tabia yake. Hapo ndo unawaambia kwamba wanasayansi wakitaka kusema tabianchi ya mahali, kwa kawaida wanachukua wastani wa miaka 30, yaani mingi kuliko umri wao wote, kwa hiyo siku moja ya joto kali haithibitishi kitu na siku moja ya baridi haikanushi kitu.

Na gesi joto, yaani zile gesi za hewani zinazonasa joto, je? Waambie dunia imejifunika blanketi la hewa, na anza na wema wake. Bila gesi hizo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, nazo zikiwepo tuko kwenye nyuzi 15 hivi. Mtoto akishajua kwamba hilo blanketi ndo linalotuweka hai, ukija kumwambia watu wanaliongeza unene kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, anaelewa bila kutishika. Umalizie na watu wazima wanafanya nini kupunguza huo moshi, umri huo wanahitaji kujua kuna wakubwa wako kazini.

SWALI: Wanafunzi wangu wana miaka 12 na 13. Tunafanya lile jaribio la chupa mbili chini ya taa, moja ina hewa ya kawaida, nyingine tunajaza kaboni dioksaidi kwa kuchanganya siki na magadi. Mara ile ya kaboni inapata joto zaidi, mara hakuna tofauti. Tunakosea wapi?

Asante kwa hili swali, nililisubiri muda mrefu! Mikono yenu haina shida, shida iko kwenye jaribio lenyewe, na linafundishwa kila kona kana kwamba limethibitisha kitu.

Angalia kinachotokea ndani ya hiyo chupa. Kaboni dioksaidi ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inatulia chini na haichanganyiki haraka na hewa ya juu. Joto la taa likiingia halipandi na kuondoka kama kwenye chupa ya hewa ya kawaida, ndo maana kipimajoto kinasoma juu. Ukitaka kuhakikisha weka agoni, gesi nzito ambayo haifyonzi mionzi ya joto hata kidogo, na chupa itapata joto vilevile. Kwa hiyo mwanafunzi anaona jibu analolitarajia kwa sababu isiyo yake, na hio mi naiona mbaya kuliko jaribio kukataa kabisa, maana siku akija kukutana na mtu anayejua hilo atadhani sayansi yote ya tabianchi ni ya kutungwa.

Sasa ufanye nini? Kama shule inaweza kupata kile kipimajoto cha kupimia kwa mbali, cha infraredi, toka nao nje usiku wenye mawingu machache. Elekeza angani palipo wazi, kitasoma chini sana, pengine chini kabisa ya joto la hewa mnayosimama ndani yake. Kisha elekeza kwenye wingu, namba inapanda palepale. Wanafunzi wanaona kwa macho yao kwamba wingu linarudisha mionzi ya joto chini. Uwe mkweli kwao kwamba vifaa vingi vya aina hii vimetengenezwa visione sana mionzi ile inayofyonzwa na kaboni dioksaidi, kwa hiyo hapo mnaona kazi ya mawingu. Mchana msikielekeze juani.

Kwa upande wa kaboni wape historia, na hapa pana utamu. Mwaka 1856 Eunice Foote wa Marekani aliweka gesi mbalimbali kwenye silinda za kioo juani akaona ile ya kaboni dioksaidi inapata joto zaidi na inakawia kupoa, akaandika kwamba hewa ikiwa na gesi hiyo nyingi dunia ingekuwa na joto zaidi. Ila jaribio lake halikutenganisha mionzi ya jua na mionzi ya joto inayotoka ardhini. Mwaka 1859 John Tyndall akaanza kupima hiyo mionzi ya joto yenyewe ikipita kwenye bomba lenye gesi, akakuta naitrojeni na oksijeni zinaiachia ipite, mvuke wa maji na kaboni dioksaidi zinaifyonza. Wape wanafunzi majaribio yote mawili wayachore, halafu uliza: hili linathibitisha nini ambacho lile halikuthibitisha? Waache wabishane kipindi kizima, wala usiwakatishe.

SWALI: Kila mtihani wanafunzi wangu wa miaka 14 wanaandika kwamba tundu la ozoni ndo linaingiza joto. Nimewasahihisha mpaka nimechoka.

Pole mwalimu, hata watu wazima wengi wanaamini hivyo. Ozoni inazuia mionzi ya urujuanimno, na iliharibiwa na gesi za CFC zilizokuwa kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, ndo nchi zikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuzipunguza. Ongezeko la joto ni habari ya joto kushindwa kutoka. Wanachanganya kwa sababu CFC nazo ni gesi joto, kwa hiyo wana kipande cha ukweli mkononi, usikitupe. Kabla ya kufundisha wape karatasi tupu wachore mishale ya mionzi inayoingia na inayotoka, utaona mshale upi umekosewa na utarekebisha huo tu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, nina miaka 17. Kaboni dioksaidi ni asilimia 0.04 tu ya hewa, na tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani. Nikiuliza naambiwa mimi mpinzani. Jibu ni nini?

Mdogo wangu, hayo ni maswali halali kabisa na unastahili majibu. Asilimia 99 ya hewa kavu ni naitrojeni na oksijeni, ambazo mionzi ya joto inapita humo kama hazipo, kwa hiyo zinazofanya kazi ni hizo chache. Kabla ya viwanda kaboni dioksaidi ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni, sasa imepita 420, na mapovu ya hewa kwenye barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kabla ya hapo ilizunguka kati ya 170 na 300 hivi.

Ni kweli ilibadilika zamani, na kila badiliko lilikuwa na chanzo chake, kwa hiyo uliza chanzo cha hili. Lingekuwa jua, angahewa ya juu nayo ingepata joto. Vipimo vinaonyesha tabaka la stratosfia linapoa huku chini kunapanda, hivyo ndivyo inavyokuwa gesi joto zikiongezeka. Na aina za atomi za kaboni iliyoongezeka hewani zina alama ya mimea ya kale, yaani makaa na mafuta.

Usiniamini mimi. Data za kaboni dioksaidi hewani zinazopimwa Mauna Loa, Hawaii, zilizoanzishwa na Charles Keeling mwaka 1958, ziko wazi kwa yeyote, zipakue uchore grafu mwenyewe. Ilianza kama sehemu 315 kwa milioni. Utaona mstari unapanda huku una meno kama msumeno. Hayo meno ni nini? Angalia miezi yanayoshuka, halafu angalia ramani ya dunia misitu mingi iko upande gani wa ikweta. Ukimaliza hapo soma kuhusu swali ambalo wanasayansi bado wanalipunguzia upana: kaboni dioksaidi ikiwa mara mbili joto litapanda kiasi gani? Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linalokusanya sayansi ya tabianchi, inasema yaelekea ni kati ya nyuzi 2.5 na 4. Ubishi wa kweli uko ndani ya hizo namba, karibu.

SWALI: Nina klabu ya sayansi, wadogo na wakubwa chumba kimoja. Nawagawaje?

Usiwagawe dada, wote washike kipimo kimoja. Wadogo wasome kipimajoto, wa katikati wapige wastani wa mwezi, wakubwa wakague kama kifaa kinasoma sawa na kingine na kama kivuli kimehama. Mkubwa akikuta kosa ni lazima amweleze yule mdogo aliyesoma, kwa maneno ambayo huyo mdogo atayaelewa.