Kwa mnaoanza kazi ya utafiti wa mustakabali wa miji

Ukiingia kwenye kitengo cha utafiti wa mustakabali, kazi ya kwanza utakayopewa huwa ni kukusanya mielekeo: idadi ya watu, tabianchi, teknolojia, ajira, afya. Utaijaza kwenye majedwali, utachora mishale, na baada ya miezi kadhaa mtakuwa na ripoti nene yenye jalada la kupendeza. Kisha meya au katibu mkuu ataifungua na kuuliza, "Sasa mnataka nifanye nini?" Hapo ndipo wengi hukwama.

Ushauri wangu ni kuigeuza kazi ianzie mwisho. Tafuta kwanza uamuzi unaokaribia kufanywa. Pengine ni daraja linalosubiri saini, au mpango wa matumizi ya ardhi utakaopitiwa upya mwakani, au mkopo wa mabomba ya majitaka. Uliza anayetia saini ni nani, atatia lini, na kitu hicho kikishajengwa kitakaa miaka mingapi. Ukishajua hayo, ndipo uanze kuuliza maswali ya miaka 30 au 50 ijayo, maana sasa unajua unamuulizia nani.

Nasema hivyo kwa sababu mji una kumbukumbu ndefu kuliko serikali yoyote. Sehemu kubwa ya mitaa ya Manhattan bado inafuata mistari iliyochorwa mwaka 1811. Copenhagen bado inapanuka kwa kufuata mpango wa mwaka 1947, ule unaofanana na kiganja: ujenzi unafuata njia za treni kama vidole, na kati ya kidole na kidole yanaachwa mashamba na misitu. Waliochora hawapo tena. Aliyeko madarakani leo ana muhula wa miaka minne au mitano, lakini barabara anayoidhinisha itaamua wajukuu wa wapiga kura wake wataishi wapi na watafikaje kazini.

Jambo la pili ni kutofautisha makadirio na senario, yaani picha za hali tofauti zinazoweza kutokea, maana ofisini maneno haya huchanganywa ovyo. Umoja wa Mataifa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu duniani waliishi mijini, na kwamba watafika asilimia 68 mwaka 2050. Hayo ni makadirio: unachukua mwenendo unaoujua na kuuendeleza mbele. Ni kitu cha maana sana, ila hakikuambii kama watu hao watapanga vyumba katikati ya mji au watajenga pembezoni, wala kama ajira zitawafuata huko.

Someni habari za Mirabel, uwanja wa ndege uliojengwa nje ya Montréal na kufunguliwa mwaka 1975. Serikali ya Kanada ilitwaa ardhi ya karibu kilomita za mraba 400 na kuwahamisha wakulima, ikitegemea hesabu zilizoonyesha kwamba safari za anga zitazidi kupanda. Kisha zikatoka ndege zenye uwezo wa kuruka mbali zaidi, ambazo hazikuhitaji tena kutua Montréal njiani. Shughuli nyingi za biashara zikahamia Toronto. Bei ya mafuta ikapanda baada ya mwaka 1973. Na treni ya kasi iliyokusudiwa kuuunganisha uwanja na mji haikujengwa. Ndege za abiria ziliacha kuutumia mwaka 2004, na miaka kumi baadaye jengo likaanza kubomolewa. Tazameni jinsi mambo yaliyoamua hatima ya uwanja huo yalivyotoka nje ya jedwali la abiria: usanifu wa injini, siasa za uchumi, mafuta, na mradi wa idara nyingine. Mtafiti wa mustakabali analipwa kuzunguka nje ya jedwali hilo.

Senario ndizo zilizobuniwa kwa kazi hiyo. Mtafiti Herman Kahn alizitumia akiwa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, kuwazia vita vya nyuklia, na Pierre Wack akazipeleka kampuni ya Shell mapema miaka ya 1970, wakati wengi kwenye biashara ya mafuta walidhani bei haitatikisika. Hazikusudiwi kubahatisha lipi litatokea. Zinakusudiwa kumfanya mwenye uamuzi awe ameshawahi kufikiria hali hiyo kabla haijamkuta.

Mtafundishwa kuchora mistari miwili inayokatana ili mpate vyumba vinne, kila chumba kikiwa senario moja. Nina shaka na zoezi hilo. Mara nyingi mstari mmoja huishia kuwa uchumi mzuri dhidi ya uchumi mbaya, kila mtu anakimbilia chumba cha juu kulia, na warsha inafungwa kwa makofi. Napendelea picha nne za Jim Dator, mtafiti wa mustakabali wa Chuo Kikuu cha Hawaii: ukuaji unaoendelea, anguko, nidhamu ya kuishi ndani ya mipaka, na mageuzi makubwa. Uzuri wake ni kwamba anguko limo ndani tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna anayelazimika kuonekana mkosi kwa kulitaja mbele ya wakubwa. Kisha chukueni ule uamuzi wenu mkaupitishe kwenye kila picha. Ukistahimili zote nne, ama ni uamuzi imara, ama picha zenu zinafanana mno, rudini mkazikague.

Mfano ninaowaomba muusome kwa makini kuliko yote ni mpango wa mlango wa mto Thames, TE2100, uliotolewa mwaka 2012. London inalindwa na lango kubwa la kuzuia mafuriko lililoanza kufanya kazi mwaka 1982, na swali lilikuwa: bahari ikipanda, lijengwe jipya lini, na la ukubwa gani? Wapangaji hawakuchagua kiwango kimoja cha bahari wakakishikilia. Walipanga njia kadhaa, kila moja ikiwa na hatua zake na kikomo cha kiasi cha maji inachoweza kuhimili, wakaorodhesha viashiria vya kufuatilia: kiwango cha bahari, hali ya kuta, ujenzi kwenye maeneo ya mafuriko na vinginevyo. Viashiria vikienda kasi, tarehe za hatua zinasogezwa. Na zilisogezwa kweli: mapitio ya mwaka 2023 yalivuta muda wa kuinua kuta zilizo kandokando ya mto, upande wa juu wa lango, kutoka mwaka 2065 hadi 2050.

Kuna kitu kimejificha humo ambacho wageni wengi hukiruka. Kujenga lango kubwa huchukua miongo, ukihesabu usanifu, vibali, fedha na ujenzi wenyewe. Kwa hiyo alama ya kuamua haiwekwi pale hatari ilipo. Inawekwa nyuma yake, kwa umbali wa miaka ambayo kazi itachukua. Hata kama mji wako hauna mto, hesabu ni ileile kwa vyanzo vya maji, kwa reli, na kwa ardhi ya akiba ya shule. Kwa kila njia mnayopendekeza andikeni mambo matatu: itashindwa kwenye kiwango gani, mbadala wake unahitaji muda gani kuandaliwa, na nani anaangalia kipimo. Hilo la mwisho lisipokuwa na jina la ofisi, mpango wote ni mapambo.

Kuhusu mbinu ya Delfi, ile ya kuwauliza wataalamu kwa mizunguko bila kutajana majina, sina mengi: itumieni, ila msiyafute maoni ya wachache kwa sababu tu wastani umepatikana. Mara nyingi habari iko kwa yule mmoja aliyekataa kusogea. Mwombeni aeleze sababu zake kwa maandishi.

Muda mwingi zaidi utumieni kuwatafuta watu wasioalikwa. Wapangaji wa vyumba huona kodi ikibadilika kabla ya takwimu kuchapishwa. Madereva wa mabasi wanajua mtaa upi umeanza kujaa usiku. Wafuateni kwenye saa zao na mahali pao, maana warsha ya saa nne asubuhi hotelini itawapa watu wale wale wenye beji shingoni. Na mkishaandika, warudieni muwaonyeshe maneno yao yamekwenda wapi.

Nchi chache zimeipa kazi hii nguvu ya kitaasisi. Bunge la Finland lina Kamati ya Mustakabali tangu mwaka 1993, na kila muhula serikali hulipelekea bunge ripoti ya mustakabali inayojadiliwa humo. Wales ilitunga sheria ya ustawi wa vizazi vijavyo mwaka 2015 na kumweka kamishna. Kamishna huyo alipinga barabara mpya ya kupunguza msongamano wa barabara kuu ya M4 karibu na Newport, na mwaka 2019 serikali ikaiacha, ikitaja gharama na mazingira. Hakuwa na mamlaka ya kuizuia. Alikuwa na kifungu cha sheria cha kuuliza nacho maswali.

Wengi wenu hamtakuwa na kifungu hicho, kwa hiyo jifunzeni lugha ya hazina, hasa kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya fedha za baadaye hupunguzwa kwayo kila mwaka ili ilinganishwe na fedha za leo. Faida ya shilingi 100 itakayopatikana baada ya miaka 30, kwa kiwango cha asilimia 10, leo inahesabiwa kama shilingi 6 hivi. Kwa asilimia 3 ni shilingi 41. Mradi uleule, mji uleule, na tarakimu hiyo moja imekwisha kuamua kama mustakabali una thamani. Ulizeni ni kiwango gani kimetumika, nani alikichagua, na ombeni hesabu ifanywe kwa viwango viwili. Swali hilo limewahi kusogeza mambo kuliko senario nyingi nilizozisoma.

Kisha tafuteni kalenda ya bajeti muibandike ukutani. Dokezo la kurasa mbili linalofika kabla ya idara kufungiwa viwango vya matumizi litasomwa na mtu mwenye kalamu mkononi. Likifika wiki moja baadaye, litasubiri mwaka ujao, na mwaka ujao daraja litakuwa limeshapata mkandarasi.