Tila inaruka, tila inatoa moshi: maswali yenu kabla ya vuli

Mvua za Oktoba zimekaribia na maswali ya tila yamekuwa mengi kuliko ya mbegu. Nazungumzia zile mashine ndogo za petroli za kulimia, unazotembea nyuma yake. Wapo mlionunua, wapo mnaokodi kwa siku. Nimechagua machache, maana mengi yanafanana.

Fundi, nilikodi tila kulima kishamba changu cha udongo mweusi. Iliruka-ruka juu ya ardhi ikinivuta mbele hadi mikono ikafa ganzi. Nilipewa mbovu? – Mama wa Utawala, Nairobi

Huenda ilikuwa nzima kabisa, mama. Tila yenye visu mbele huvutwa na visu vyenyewe. Vikishindwa kuingia ardhini vinageuka magurudumu, na wewe unabaki kukimbizana nayo. Udongo mweusi wa upande wenu, ule unaopasuka nyufa za kuingia kiganja wakati wa kiangazi, ukikauka hauingiliki kwa mashine ndogo. Ukilowa nao unaganda kwenye visu mpaka visionekane. Kati ya hapo kuna siku chache tu za kulima, na hizo ndizo za kuvizia.

Mvua ya kwanza ikishanyesha, subiri siku mbili au tatu, kisha chimba kwa kijiko hadi sentimita 10 hivi. Usipime udongo wa juu, huo hukudanganya. Finyanga donge kiganjani, ulibonyeze kwa kidole gumba. Likivunjika vipande vipande, washa mashine. Likibonyea na kung'aa, rudi nyumbani unywe chai. Anayelima udongo huu ukiwa tope hupata mabonge ambayo jua likiyapiga hata jembe linayaogopa.

Sasa, kile chuma kinachoning'inia nyuma kikielekea ardhini. Watu wengi hukifungua wakidhani ni cha kusimamishia mashine. Hicho ndicho breki yako na ndicho kipimo cha kina. Tila ikianza kukimbia, kandamiza mikono ya mashine chini kidogo ili chuma kizame. Mashine itapunguza mwendo na visu vitapata nafasi ya kuchimba. Mzunguko wa kwanza lima sentimita 5 hadi 7 tu. Ukirudi mara ya pili, shusha hadi 15. Anayetaka kina chote kwa mara moja ndiye anayekufa ganzi mikono.

Sangari imenishinda. Nikiipitishia tila si itakufa? – Mkulima, Dagoretti

Utaizidisha. Mizizi ya sangari inayotambaa chini ina vifundo, na kila kipande chenye kifundo ni mche mpya. Visu vya tila vitakukatia vipande hivyo vizuri sana na kukusambazia shamba zima bila malipo. Ndago ni hivyo hivyo kwa vile viazi vyake vidogo.

Hapa dawa ni jembe uma na jasho. Inua udongo, vuta mizizi ikiwa mirefu, iache juani hadi ikauke kabisa, kisha uitoe shambani. Kazi hiyo hufanywa Januari na Februari jua likiwa kali. Wewe umeniandikia mvua ikibisha hodi, kwa hiyo msimu huu safisha sehemu ndogo unayoimudu, kisha panda hapo. Tila iingie baadaye, sangari ikishatoka.

Kijana wangu huchomoa nyasi zilizojisokota kwenye visu injini ikiwa inanguruma. Anasema ameshaachia klachi. Ni salama? – Baba wa watatu, Kasarani

Hapana, na umwambie leo. Waya wa klachi ukilegea au kuchakaa, visu huendelea kuzunguka hata mkono ukiwa umeachiliwa. Utaratibu ni huu: zima injini, subiri visu visimame, chomoa kofia ya plagi, ndipo uguse. Kofia ya plagi si mbwembwe. Ukizungusha visu kwa mkono unaweza kuizungusha injini nayo, na plagi ikiwa bado inatoa cheche, injini inaweza kushtuka na kuwaka.

Ukikuta pia amefunga ile lever ya usalama kwa mpira wa tyubu ili asichoke kuishika, fungua mara moja. Iliwekwa ili mtu akianguka, mashine isimame.

Ndala hazilimii tila. Avae viatu vigumu vya kufunika mguu, suruali isiyopepea, na vizibo vya masikio. Kurudi nyuma ndiko kunakoumiza wengi: mtu anavuta mashine kuelekea miguu yake mwenyewe, mara nyingi ukuta ukiwa nyuma yake. Ageuze mashine badala ya kuivuta. Watoto na mbwa wakae mbali.

Tila yangu ilifanya kazi vizuri Mombasa. Nimeileta Karen, inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi. – Dada wa Karen

Hewa ya huku ni nyepesi, dada. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Karen iko juu zaidi. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo sehemu moja ya sita hivi imebaki njiani. Juu ya hapo, kabureta iliyopangiwa pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, ndiyo maana moshi ni mweusi.

Kwanza safisha filta ya hewa na uhakikishe choki, ile ya kubania hewa wakati wa kuwasha, imerudi. Moshi ukibaki, fundi aweke jeti ndogo, kile kitundu cha kupitishia petroli, kwenye kabureta. Ukiirudisha Mombasa, rudisha na jeti ya zamani, la sivyo injini itakosa petroli ya kutosha na kuchemka.

Petroli ya mwaka jana bado iko kwenye tangi na mashine haiwaki. – Ruai

Imwage yote, pamoja na iliyo kwenye bakuli la kabureta, utie mpya. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi huanza kuharibika. Msimu ukiisha, funga bomba la mafuta uiache injini iwake mpaka ijizime yenyewe. Na unapojaza, injini iwe imepoa, uwe nje, si ndani ya stoo.

Nilime mara ngapi ndipo udongo uwe laini kama unga? – Lang'ata

Usifike huko. Udongo uliosagwa sana hupigwa na mvua ya kwanza ukafanya ukoko, na mche wa sukuma unapata shida kupenya. Mara mbili zinatosha. Madonge ya ukubwa wa njugu hayana ubaya. Kama unalima kina kile kile kila msimu, chini ya visu panajijenga tabaka gumu ambalo maji hayapiti. Pasua tabaka hilo kwa jembe uma mara moja moja.

Kuna bomba la maji linakatiza bustanini. – Donholm

Lifukue kwa mkono ujue lilipo na kina chake, weka vijiti pande zote mbili, na hapo katikati ulime kwa jembe. Waya wa taa za bustani nao fanya vivyo hivyo, baada ya kuuzima umeme kwenye swichi kuu.