Mkojo Mwekundu na Vidonge vya Kifua Kikuu

SWALI: Shikamoo daktari. Hii ni wiki yangu ya tatu ya dawa za kifua kikuu. Mkojo umekuwa mwekundu kama maji ya ukwaju, na jana machozi yaliacha doa kwenye kanga. Wifi yangu anashikilia kwamba figo zinaungua. Je, niziache, maana kikohozi nacho kimepungua? Natumia pia vidonge vya uzazi wa mpango. — Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Marahaba. Rangi hiyo si damu wala si figo kuungua. Kidonge cha mseto unachomeza kina dawa nne, na mojawapo, rifampisini, ni nyekundu kwa asili yake, hivyo inapotoka mwilini hupaka rangi mkojo, jasho na machozi. Kinachotisha ni kingine: macho yakiwa ya manjano, au ukitapika na kukosa hamu ya kula, rudi kliniki siku hiyo hiyo, kwa kuwa rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi zote zaweza kudhuru ini.

Usiziache. Kikohozi hupungua mapema kwa sababu isoniazidi huwaua haraka bakteria wanaozaana kwa kasi, ikiwazuia kujenga ukuta wao wenye nta; lakini wapo waliojificha, wasiozaana kwa wakati huo, ambao huhitaji rifampisini na pirazinamidi, na hawa ndio humrudishia mgonjwa maradhi akiacha dawa mapema. Ndiyo maana matibabu ya kawaida huwa ya miezi 6: miwili ya dawa zote nne, pamoja na ethambutoli, kisha minne ya rifampisini na isoniazidi.

Ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo ndilo lililonishtua zaidi. Rifampisini huchochea vimeng'enya vya ini, navyo huvunja homoni za vidonge vyako kwa kasi kiasi kwamba zinazobaki kwenye damu huenda zisitoshe kuzuia mimba, na hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya dawa kwisha. Kipandikizi nacho huathirika. Kitanzi cha shaba hakiathiriki, kwa kuwa hakina homoni. Hadi upate njia nyingine, tumieni kondomu, na uwaonyeshe wauguzi wa uzazi wa mpango kadi yako ya kifua kikuu, kwani wasipoambiwa hawatajua unachomeza.